Timu ya Chuo Kidogo Kisumu Ndogo: Pa Kubisha Hodi na Wakati wa Kubisha

Timu za vyuo vidogo Kibera hazifi kwa kukosa wachezaji. Zinakufa katikati ya msimu, nauli ya matatu inapokosekana, refa anadai ada yake kabla ya kupuliza filimbi, na kiungo tegemeo yuko nyumbani na kifundo kilichovimba bila mtu kujua nani atalipa hospitali. Hapo ndipo kocha hukimbilia kuandika barua ya kuomba msaada, na barua yenyewe haizai kitu. Nimesoma barua nyingi za aina hiyo. Zimeandikwa kwa uchungu wa kweli, ila zimepelekwa ofisi isiyohusika, na kikundi kisichotambuliwa na sheria, katika mwezi ambao bajeti imekwisha kufungwa.

Msaada upo, mtaani na serikalini. Lakini una mpangilio wake: mtaa kwanza, karatasi zifuate, serikali iwe ya tatu. Anayegeuza mpangilio huo atazunguka na bahasha mkononi msimu mzima. Ushauri huu ni wa mwalimu wa michezo, kocha au kiongozi wa wanafunzi mwenye timu katika chuo cha ufundi huku Kisumu Ndogo ya Kibera, na wenzake wa Kawangware watatumia mengi ya humu kwa kubadilisha majina ya ofisi tu.

Chuo ni cha nani?

Anza na swali hili kwa sababu ndilo linaloamua mlango. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo wazee bado wanaviita politekniki za kijiji, viko chini ya kaunti. Taasisi kubwa za kiufundi, kama P.C. Kinyanjui kule Riruta, ni za serikali ya kitaifa. Michezo nayo imegawanywa hivyo hivyo: kukuza michezo na elimu ya michezo ni jukumu la kitaifa, ilhali shughuli za michezo na viwanja vya mashinani viko mikononi mwa kaunti. Basi timu ya chuo cha kaunti ikipeleka ombi lake wizarani itazungushwa, na ya taasisi ya kitaifa ikienda City Hall, kwenye ofisi za kaunti, itarudishwa ilikotoka.

Vyuo vingi vya Kisumu Ndogo si vya huku wala vya kule. Ni vya kibinafsi, vya makanisa au vya mashirika, na hakuna fungu la serikali linalovifikia moja kwa moja. Usivunjike moyo kwa hilo. Timu isimame kama kikundi cha jamii, chuo kiwe mlezi wake, na hapo utaweza hata kuwasajili vijana wa mtaa ambao hawajapata karo ya kuingia darasani. Mimi naona huo ni mpango bora kuliko timu ya wanafunzi watupu, kwa sababu wanafunzi huhitimu na kuondoka. Kozi ni ya mwaka mmoja, miwili, mitatu kwa wingi. Timu inayotegemea uongozi wa wanafunzi peke yao huanza upya kila baada ya muda mfupi, na faili zake hupotea na mwenyekiti aliyehama.

Karatasi zisizokwepeka

Njia ya haraka ni kusajili kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Unahitaji watu wasiopungua 10, katiba ya kikundi, viongozi waliochaguliwa na kumbukumbu za mkutano uliowachagua. Mhusika ni afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Njia ya pili ni kusajili klabu kwa Msajili wa Michezo, ofisi iliyoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Nashauri uanze na kikundi cha jamii, upate cheti, ufungue akaunti ya benki, na ndipo uende kwa Msajili timu inapokuwa tayari kuingia ligi za Shirikisho la Soka Kenya, FKF. Kama lengo lenu ni michezo ya vyuo tu, ile inayoendeshwa chini ya KATTI, muungano wa taasisi za kiufundi, usajili wa chuo chenyewe kwa mamlaka ya TVETA ndio utakaoangaliwa kwanza.

Katiba ya kikundi isinakiliwe kutoka kwa kikundi kingine na kubadilishwa jina. Andikeni wenyewe, kurasa tatu nne zinatosha. Msisitizo wangu uko kwenye vipengele viwili. Kwanza, watia saini wa akaunti wawe watatu, na angalau mmoja awe mkazi wa mtaa asiye mwalimu wala mwanafunzi, mtu wa kudumu anayejulikana kwa uadilifu. Mama mwenye chama kilichodumu miaka mingi ni mweka hazina bora kuliko kijana yeyote mwenye diploma ya uhasibu anayesubiri kazi mji mwingine. Pili, katiba iseme mali ya timu itaenda wapi kikundi kikivunjika. Mipira, jezi na nyavu zimewahi kuwagombanisha watu waliokula sahani moja.

Mtaa kwanza

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo timu nyingi hupita mbio.

Mwaka 1987 kilianzishwa chama cha vijana Mathare, MYSA, kikaunganisha msimamo wa ligi na usafi wa mtaa: timu iliyotoka kusafisha ilipata pointi zilizoongezwa kwenye zile za uwanjani. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, nayo ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Hapa hapa Kibera, Carolina for Kibera ilianza mwaka 2001 ikitumia mpira wa vijana pamoja na usafi kwa njia inayofanana. Wote waling'amua jambo moja: mtaa hauchangii timu kwa sababu inacheza vizuri, unachangia timu ambayo imeshaufaa.

Kwa hiyo chagueni mtaro mmoja. Usiwe mtaa mzima, mtaro mmoja, ule unaofurika mvua ya Aprili ikipiga na kuingiza maji kwenye nyumba za watu. Mwambieni mzee wa kijiji na chifu kabla hamjaanza, kwa sababu watu wengi wamepita Kibera na koleo kwa ajili ya kamera wakatoweka. Safisheni Jumamosi moja kila mwezi, mtaro ule ule, mkiwa mmevaa jezi. Pigeni picha kabla na baada. Andikeni tarehe na majina ya waliofika. Baada ya miezi sita mtakuwa na daftari ambalo hakuna afisa wa wadi anayeweza kulipuuza, na wakazi wa upande huo watakuwa wanawajua wachezaji kwa majina.

Jambo la pili lipo ndani ya chuo chenyewe, na linanishangaza jinsi linavyoachwa. Chuo cha ufundi kina karakana. Darasa la ushonaji linaweza kushona vizibao vya mazoezi, na hata jezi. Wachomeleaji wanaweza kutengeneza magoli ya chuma, darasa la upishi likapika chakula cha timu siku ya mechi, la kompyuta likatengeneza mabango na kuweka takwimu za mechi. Zungumza na wakufunzi ili kazi hizo zihesabiwe kuwa mazoezi ya vitendo ya wanafunzi. Halafu, hili usilisahau, ziandikie thamani. Kama fundi wa nje angewatoza kiasi fulani kwa magoli mawili, kiasi hicho kiingie kwenye vitabu vyenu kama mchango wa chuo. Siku ya kuomba serikalini utaweza kuonyesha kwamba tayari mmechangia sehemu kubwa ya gharama kwa mikono yenu.

Tatu ni pesa ndogo ndogo za kila wiki. Harambee kubwa ya mara moja huleta kelele nyingi na ahadi ambazo hazitimizwi. Watu 100 wanaotoa shilingi 20 kwa wiki wanatoa 2,000. Katika wiki 30 za msimu hizo ni 60,000, na zinakuja kwa mpangilio unaolingana na nauli na ada za marefa. Tumieni namba ya Paybill iliyounganishwa na akaunti ya kikundi, kamwe si simu ya kocha. Wenye vibanda, vinyozi, waendesha boda, mama mboga, wote wana M-Pesa. Kila Jumatatu bandikeni karatasi kwenye ubao wa chuo na mahali pengine mtaani ambapo watu hupita: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Karatasi hiyo ikikosekana wiki mbili mfululizo, michango itapungua, na watu watakuwa na haki. Na msipitishe ndoo barabarani kukusanya kwa wapita njia bila kibali. Makusanyo ya umma yana sheria yake nchini Kenya.

Kisha kuna vitu visivyo pesa. Viatu vizuri vya mitumba vinapatikana soko la Toi, na mwuzaji anayejua ni vya timu ya mtaa hupunguza bei ukimpelekea oda ya jozi nyingi kwa pamoja. Mechi za nyumbani, iwe Kamukunji au Woodley kwenye uwanja wa Joseph Kang'ethe, zitengewe nafasi ya akina mama wanaouza chai, mandazi na miwa. Mtaa huu umejaa wapenzi wa Gor Mahia, watu wanaojua kuimba dakika 90 bila kuketi. Wapeni ratiba mapema na watakuja.

Mfano unaonipa nguvu zaidi uko Makina. Abdul Kassim alianza na timu ya wasichana mwaka 2002, na mwaka 2006 timu hiyo ikazaa shule ya upili ya wasichana, Kibera Girls Soccer Academy. Mpira ulitangulia, darasa likafuata. Kama chuo chenu hakina timu ya wasichana, anzisheni sasa. Ni haki yao, na mara nyingi pia ndiyo timu inayopanda haraka: Kibera Soccer Ladies wamefika Ligi Kuu ya Wanawake wakati timu nyingi za wanaume mtaani bado zinahangaika ligi za chini.

Serikalini: omba kitu, usiombe msaada

Mkiwa na cheti, akaunti, daftari la usafi na vitabu vya michango, sasa bisheni hodi.

Hazina ya NG-CDF ya eneobunge, Kibra kwa upande huu na Dagoretti Kaskazini kwa wa Kawangware, inaongozwa na sheria ya 2015. Sheria hiyo inaruhusu michezo kuhesabiwa kuwa mradi wa maendeleo, kwa masharti mawili ambayo kila kocha anapaswa kuyajua: fungu la michezo lisizidi asilimia 2 ya mgao wa eneobunge kwa mwaka, na lisitumike kutoa zawadi za pesa taslimu. Katika kila shilingi milioni 100, basi, michezo yote ya eneobunge zima haiwezi kupita milioni 2. Ombi la zawadi ya pesa kwa bingwa litakataliwa hata mbunge akiwapenda vipi. Ombi la mipira, nyavu na jezi za mashindano ya vyuo vinne linawezekana. Fahamu pia kwamba Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kuwa sheria ya hazina hii inakiuka Katiba, na ikaweka 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake. Kabla ya kuandika chochote, pita ofisini uulize mambo yamesimama wapi.

Kwa upande wa kaunti, kalenda ndiyo kila kitu. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hatua hizi wananchi hualikwa kutoa maoni. Vikao hivyo mara nyingi huwa na viti vitupu, na maoni huchukuliwa kutoka kwa wale wachache waliofika. Nendeni watu 20 mkiwa na jezi. Mmoja tu azungumze, aombe jambo moja tu: kusawazisha uwanja, au mtaro wa kutoa maji pembeni ya goli, au choo. Toeni na nakala ya maandishi, na msiondoke bila nakala yenu kugongwa muhuri. Mwakilishi wa wadi mwoneni kabla ya kikao, si baada. Anayekwenda kwa mheshimiwa mwezi wa Juni anaomba kutoka kwenye bajeti ambayo imeshaandikwa.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Sema ninyi ni nani, mmefanya nini mtaani, mnaomba kitu gani kwa idadi gani, na ninyi wenyewe mnatoa nini. Ambatisha cheti, bei kutoka maduka matatu, picha za usafi na muhtasari wa hesabu. “Tunaomba msaada kwa timu yetu” ni sentensi isiyoweza kuingizwa kwenye bajeti na mtu yeyote. “Tunaomba mipira 10 na nyavu jozi 2” inaweza.

Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ile inayotajwa sana redioni, isiwe mlango wenu wa kwanza. Inahudumia zaidi timu za taifa na miradi mikubwa.

Wafanyabiashara na wanasiasa

Januari 2018, baada ya ushuru wa kamari kupandishwa hadi asilimia 35, SportPesa ilisitisha udhamini wake wa michezo nchini. Ilirudi, na Agosti 2019, baada ya mzozo wa leseni, ikaondoka tena. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mamilioni ya mashabiki, zilitikisika. Timu ya chuo haiwezi kuhimili pigo kama hilo, kwa hiyo mimi naweka mpaka: mfadhili mmoja asibebe zaidi ya theluthi ya bajeti. Na pesa za kampuni za kamari zisiguse jezi za wanafunzi kabisa. Kila mkufunzi Kibera anamjua kijana aliyepoteza karo kwenye mkeka.

Kuhusu siasa, Kibra inajua jinsi mpira na kura zinavyokaribiana. McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010, aligombea ubunge hapa katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019, akashindwa na Imran Okoth. Tangu Desemba 2024 ni makamu wa rais wa FKF. Mwaka 2027 Kombe la Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na uchaguzi mkuu unafuata Agosti. Mashindano ya wagombea yatajaa kila uwanja. Chezeni, pokeeni mipira, shukuruni. Lakini jezi yenye sura ya mgombea ikataeni kwa heshima, mwombeni aandike jina la chuo badala yake, kwani baada ya kura jezi hiyo itawafungia milango ya wale wengine wote. Na kila kilichopokelewa kiingie kwenye vitabu siku hiyo hiyo.

Majeraha, na haki za wachezaji

Kabla ya mechi ya kwanza, kila mchezaji awe amejiandikisha SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Hufanyika kwa simu, kwa kupiga *147#. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka, na walio nje ya ajira rasmi hutakiwa kulipia mwaka mzima kwa pamoja, jambo gumu kwa familia za hapa. Hii ndiyo sehemu ya pesa za mtaa ambayo ningeitumia bila kusita: kikundi kiwakopeshe wachezaji mchango huo, nao waulipe kidogo kidogo. Wachezaji walio chini ya miaka 18 wawe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na safari zao ziwe na mtu mzima wa kike panapokuwa na wasichana.

La mwisho linahusu pesa ambazo vyuo na timu ndogo huziacha mezani bila kujua. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kati ya miaka 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka baada ya hapo. Victor Wanyama aliponunuliwa na Southampton kutoka Celtic mwaka 2013, bei iliyoripotiwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Mwaka mmoja wa kumlea kijana wa miaka 14 kwa bei hiyo ni pauni 31,250. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA inayosoma historia ya usajili wa mchezaji. Kijana asiyesajiliwa mahali popote hana historia, na aliyemlea hana cha kudai.

Chuo si klabu, hivyo hakitalipwa kama chuo. Njia ni mbili: sajilini klabu yenu na muingie ligi ya FKF ya kaunti ndogo, au muandikiane mkataba na klabu ya mtaa iliyokwisha kusajiliwa, wachezaji wenu wasajiliwe huko, na mkataba useme wazi mgao wa chuo utakuwa kiasi gani. Kwa vyovyote vile mtahitaji vyeti vya kuzaliwa, na Kisumu Ndogo vijana wengi hawana au vimebaki ushago. Anzeni kuvifuatilia kupitia eCitizen mapema, miezi kadhaa kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa, na nakala moja ya kila cheti ibaki kwenye faili ya mweka hazina.